Hatua Isiyohesabiwa

Siku nzima alikuwa amesimama. Tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nane mchana alikuwa mbele ya mashine kubwa ya kupigia pasi mashuka ya hoteli, yeye akilisha shuka upande huu na mwenzake akilipokea upande ule, mvuke ukimpanda usoni kama mtu anayechungulia chungu kila dakika kuona kama kimeiva. Alipotoka, visigino vilikuwa vinawaka moto. Alioga harakaharaka kwenye bafu la wafanyakazi, akavaa suruali nyeusi na fulana ya mwamuzi, akafunga kamba za viatu, akajivika filimbi shingoni. Kisha akakaa dakika mbili kwenye benchi bila kufanya lolote. Alijua hatakaa tena hadi jioni.

Watu wa mpira wa kikapu walimwita Mama Hatua. Hakuna aliyekumbuka ni nani aliyembandika jina hilo, lakini sababu yake kila mtu aliijua. Wachezaji wazoefu walikuwa wakiwatisha wageni kwamba mbele ya yule mama usijaribu kutembea na mpira, maana hata ukitembea kwa siri atakusikia. Na kweli alisikia. Ndivyo alivyofundishwa tangu mwanzo: macho yatazame mguu wa egemeo, ule ambao mchezaji akishasimama na mpira hubaki umeganda sakafuni na yeye kuuzunguka kama geti kwenye bawaba, masikio nayo yahesabu soli za viatu. Moja, mbili. Ikija ya tatu, filimbi. Kwa miaka ishirini na mitatu hesabu hiyo haikumwangusha.

Kilichomwangusha ni sheria kuongezwa kipengele. Sasa mchezaji anayekimbia akiukusanya mpira mikononi, mguu ulio chini wakati huo hauhesabiwi. Waamuzi wanauita sifuri. Kuhesabu kunaanza na mguu unaofuata: sifuri, moja, mbili. Kwa hiyo mwendo ambao zamani ulikuwa kosa la wazi, siku hizi ni halali kabisa. Mama Hatua aliisoma sheria hiyo, akaielewa, akafanya mtihani wa maandishi akakosa swali moja tu. Lakini kuelewa ni kwa kichwa, na filimbi hupulizwa na mwili. Akiwa na nguvu, alianza na sifuri bila shida. Akichoka, hesabu ya zamani ilimrudia yenyewe, kama mtu aliyehama nyumba anayejikuta jioni amesimama kwenye mlango wa zamani.

Mwezi uliopita ilimrudia mara mbili, katika mechi mbili, zote robo ya mwisho. Kamati ya waamuzi ikamwandikia barua fupi. Mechi ijayo angetazamwa na mkaguzi. Akikosea tena sheria hiyohiyo, angeshushwa daraja, aende kuamua mechi za watoto wa shule za msingi. Barua haikusema kwamba mtu wa miaka hamsini na mmoja akishushwa hapandi tena. Hilo halikuwa na haja ya kusemwa.

Hakuna mtu aliyejua jinsi barua ile ilivyomkaa kifuani isipokuwa mumewe. Kazini aliambiwa simama hapa, lisha pale. Nyumbani alikuwa mama wa huyu, shangazi wa yule, mke wa fundi wa kuchomelea. Uwanjani tu, ndani ya mistari ile minne, alikuwa mtu ambaye neno lake likitoka watu kumi wanasimama. Hakutaka mengi maishani. Hilo alilitaka.

Basi wiki nzima, jioni kabla ya kula, alimsimamisha mumewe kwenye ujia wa nyumba na kumpa mto wa kitandani ashike kama mpira. Fundi alikimbia hatua chache, akaukumbatia mto, akaendelea, naye mkewe akahesabu kwa sauti. Siku ya tatu mzee wa watu akaegemea ukuta.

"Sasa hapo nimekosa?"

"Hapo uko sawa, baba."

"Basi nikae."

"Bado mara kumi."

"Mke wangu, mimi leo nimechomelea mageti mawili. Hata huu mto umechoka."

Lakini alizimaliza zote kumi, na kesho yake hakungoja kuitwa.

Mechi yenyewe haikuwa ya mchezo. Timu ya wanawake wa posta ilikuwa inakutana na timu ya chuo cha ualimu, na mshindi angepanda daraja la juu. Ukumbi wa bati ulikuwa umejaa, sakafu ya mbao imepauka katikati kwa kukanyagwa, na joto limetanda kama vile nalo limekata tiketi. Mkaguzi alikuwa ameketi safu ya tatu, kalamu mfukoni, karatasi zake juu ya magoti. Zamani waliwahi kuamua pamoja, yeye mkaguzi akiwa mkubwa wake kazini, na Mama Hatua alimwamkia kwa heshima ileile.

"Marahaba," mkaguzi akaitikia. "Miguu inasemaje?"

"Imesema itaongea baada ya mechi."

Mzee akacheka kidogo, kisha akakumbuka kilichomleta, akafungua kalamu.

Mwamuzi mwenzake siku hiyo alikuwa kijana mmoja mwalimu wa hesabu, ambaye kila mtu alimwita Mwalimu, hata waliomzidi umri. Waligawana uwanja kama kawaida, mmoja mbele karibu na kikapu, mwingine nyuma, na kubadilishana kila mpira unapogeuka. Robo tatu za kwanza zilikwenda kama maji ya mfereji. Mama Hatua alipiga filimbi ya kutembea mara mbili, zote bila shaka. Ya pili ilikuwa ya nahodha wa posta, binti mfupi mwembamba ambaye mashabiki walimwita Sindano kwa namna alivyopenya. Alikuwa amesimama tuli na mpira, akataka kuondoka, akaunyanyua mguu wa egemeo kabla mpira haujamtoka mkononi.

"Mama, leo hata kupumua ni kutembea?" Sindano akalalamika, lakini kwa utani.

"Pumua utakavyo, binti. Mguu tu usiuondoe kabla hujadunda."

Wachezaji wa pande zote wakacheka, na mchezo ukaendelea.

Robo ya nne ndiyo iliyomkuta. Uchovu haukumjia kwa kishindo. Ulimwingia kuanzia nyayo, ukapanda kwenye magoti, ukakaa kiunoni. Kila alipopiga mbio kutoka upande mmoja kwenda mwingine alisikia viatu vyake vizito kuliko vya wachezaji. Aliuma meno. Akajisemea moyoni, kila mpira ulipoingia mikononi mwa mtu: sifuri, sifuri, anza na sifuri. Akawa kama mtu anayebeba yai kwenye kijiko huku wenzake wanakimbia.

Zikabaki sekunde sita. Chuo pointi hamsini na nane, posta hamsini na saba. Sindano akaupokea mpira katikati ya uwanja, akampita wa kwanza, akadunda mara ya mwisho karibu na mstari, akaukusanya mpira mguu wa kulia ukiwa chini. Kushoto. Kulia. Akaruka.

Filimbi ilikuwa imeshalia.

Mpira ulitoka mikononi mwa Sindano, ukagonga ubao, ukatumbukia wavuni, lakini haukuwa na maana tena, kwa sababu filimbi ilikuwa imelia kabla haujatoka. Mama Hatua alikuwa amesimama karibu na mstari wa mwisho, ngumi zake mbili zinazungushana mbele ya kifua, ishara ya kutembea ambayo hata watoto waliokaa jukwaani waliielewa. Ukumbi ukanguruma. Saa ya ukutani ilikuwa imesimama kwenye sekunde tatu. Kocha wa chuo, asitake wasichana wake wapaparike, akaomba dakika moja ya mapumziko.

Ile dakika ndiyo iliyokuja kuwa ndefu.

Posta walikuwa wanapiga kelele, lakini Sindano hakupiga. Alikuja taratibu, jasho linamchuruzika kidevuni, akasimama mbele ya mwamuzi mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa.

"Mama, kweli nilitembea?"

Binti akatikisa kichwa, akajijibu mwenyewe.

"Mimi niliona niko sawa. Ila kama umepiga wewe, basi nilitembea."

Akageuka kwa wenzake akawaambia waache kelele, Mama Hatua haoni vibaya, wakae wapange ulinzi.

Laiti angetukana. Mtu akikutukana unasimama imara, unakunja uso, unasubiri muda uishe. Lakini yule binti alikuwa ameondoka na kosa begani, amelibeba mwenyewe bila kusukumwa, na Mama Hatua akabaki amesimama, filimbi bado iko kati ya meno. Akafumba midomo, akairudia ile picha. Mpira unaingia mikononi: kulia iko chini. Kisha kushoto. Kisha kulia, kisha hewani. Akaihesabu kwa kidole gumba juu ya vidole vingine, mara moja, mara ya pili. Kulia, kushoto, kulia. Tatu. Ndiyo, tatu, kama ukianza na ile kulia ya kwanza.

Na ile kulia ya kwanza ilikuwa sifuri.

Alijua wakati uleule, na kujua huko hakukuwa na pa kujificha. Alimwona Mwalimu anakuja kutoka upande wa pili, akitembea bila haraka ili watu wasihisi kitu.

Mwalimu aliuliza kwa sauti ya chini ameona nini. Akamweleza. Kijana akakuna kidevu. Yeye, alisema, alikuwa amezibwa na mchezaji mrefu wa chuo na hakuuona mguu wowote, kwa hiyo hawezi kumsaidia wala kumpinga.

"Lakini Mama," akaongeza, "kocha wao hajasema kitu. Nahodha mwenyewe amekubali. Ukiiacha ilivyo, imepita."

"Na mkaguzi?"

Mwalimu hakutazama jukwaani. "Kutoka pale alipo, huenda naye alizibwa. Ukienda mezani kusema umekosea, hapo hutamwachia hata shaka."

Alikuwa anasema kwa wema. Mama Hatua alijua hesabu yake ilikuwa sahihi, kama kawaida ya walimu wa hesabu. Kosa lisilokiriwa lilikuwa na nafasi ya kupita. Lililokiriwa lilikuwa ni lile la tatu, lenye barua yake tayari. Na tena, kukiri kwenyewe kusingemrudishia binti alichonyang'anywa. Mpira ulioingia baada ya filimbi hauhesabiwi, iwe filimbi ya haki au ya kosa. Alichoweza kufanya ni kuufuta uamuzi wake kabla mchezo haujaanza tena, na kuwarudishia posta mpira pembeni, na zile sekunde tatu.

Sekunde tatu. Aliitazama saa ya ukutani, akautazama uchovu wake wote, mashuka ya siku nzima, miaka ishirini na mitatu. Kisha akamtazama Sindano aliyekuwa amechuchumaa katikati ya wenzake akiwaonyesha kwa kidole nani amkabe nani. Binti mmoja alimwuliza kitu, na Sindano akainuka akarudia ule mwendo wake bila mpira, polepole, akauvuta nyuma mguu mmoja, akatikisa kichwa. Alikuwa anajisahihisha. Alikuwa anajifunza, mbele ya macho ya Mama Hatua, kwamba mguu wake uliokuwa sawa ulikuwa na makosa.

Mama Hatua akapiga moyo konde, akaenda mezani.

Aliongea na watu wa meza kwa sentensi mbili. Kisha akawaita makocha wote wawili, akawaambia kwamba filimbi ile aliipiga kimakosa, mchezaji hakutembea, kikapu hakihesabiwi kwa kuwa mchezo ulishasimama, na mpira ni wa posta pembeni. Kwa kusema hayo alifanikiwa kumuudhi kila aliyekuwa ndani ya ukumbi. Chuo walilia kwamba wamenyang'anywa mpira waliokwisha kupewa. Posta walilia kwamba, kama hakutembea, basi wapewe pointi zao mbili. Jukwaani mtu mmoja akapaza sauti kuuliza kama wamwite na mchungaji aje aamue. Mama Hatua alisimama akapokea yote, mikono nyuma, uso mkavu. Hakumtazama mkaguzi. Aliisikia tu kalamu, au alidhani ameisikia.

Sindano alimpita akienda kuchukua nafasi yake. Safari hii uso wake haukuwa na utani.

Mpira ukarushwa ndani. Sindano akaupokea, akadunda mara mbili, beki akimwandama bega kwa bega, na pale kwenye mstari uleule akaukusanya. Kulia ilikuwa chini. Mama Hatua alikuwa mbele yake, karibu na kikapu, filimbi mdomoni, na mwili wote unamwambia puliza. Sifuri. Kushoto: moja. Kulia: mbili. Akashusha pumzi puani, taratibu, bila sauti. Binti aliruka, akauachia mpira, ukazunguka ukingo wa chuma mara moja, mara ya pili, kisha ukamwagikia nje.

Honi ikalia. Chuo walikumbatiana. Kikapu kimoja kilikuwa kimeingia na hakikuhesabiwa. Kingine kingehesabiwa na hakikuingia.

Chumba cha waamuzi kilikuwa stoo ya mifagio na mipira iliyopasuka, yenye viti viwili vya plastiki. Mama Hatua alikaa. Miguu ilianza kuongea kama ilivyoahidi. Mkaguzi aliingia, akafunga mlango nyuma yake, akabaki amesimama kwa sababu kiti cha pili kilikuwa na Mwalimu, na Mwalimu alipotaka kuinuka mzee akamwashiria akae. Akampa Mama Hatua ile fomu. Kwenye mstari wa tukio la mwisho kulikuwa na visanduku viwili tu, sahihi na kosa. Alama ilikuwa kwenye kosa.

"Niliuona mguu," mkaguzi akasema. "Hata ungenyamaza, ningeandika hivihivi."

"Nilihisi uliuona."

"Hukuwa na uhakika."

"Hapana. Sikuwa na uhakika."

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Sasa ulijianika ya nini, dada yangu?"

"Yule binti alishalikubali. Alikubali kosa ambalo hakulifanya, kwa sababu tu nimelisema mimi."

Mkaguzi akairudisha miwani machoni. Akasema hakuna kisanduku cha jambo la namna hiyo. Alichoweza kufanya ni kuandika maelezo nyuma ya karatasi, ingawa kamati, kwa jinsi anavyoijua, haina desturi ya kugeuza karatasi. Mwalimu akashauri ayaandike kwa herufi kubwa, labda wino utapenya upande wa pili. Mama Hatua alicheka, akashangaa kwamba bado anaweza kucheka, kisha akatia saini. Alipouliza mechi za watoto huanza saa ngapi, mkaguzi akajibu ni saa tatu asubuhi, kila Jumamosi, na kwamba yeye mwenyewe angeona haya kumpangia Jumamosi hii, apumzike kwanza.

"Nipangie," alisema Mama Hatua.

Alipotoka, ukumbi ulikuwa umeshaanza kufagiliwa. Sindano alikuwa ameketi peke yake kwenye ngazi ya jukwaa la chini, begi liko miguuni, macho mekundu. Mama Hatua alitamani kupita upande mwingine, lakini mlango ulikuwa mmoja.

"Bora ungenyamaza, Mama," binti akasema bila kuinua kichwa. "Ningelala nikijua nilitembea. Sasa nitalala nikijua nini?"

Mama Hatua alisimama. Alikuwa na maneno ya samahani na aliyasema, yote, bila kupunguza. Hayakutosha na hakuyategemea yatoshe. Kisha akashika nguzo ya ngazi, akajishusha akakaa ngazi moja chini ya binti, magoti yakilia.

"Ulipowaita wenzako nilikuona," akasema. "Ulikuwa unauvuta nyuma mguu wa kulia. Ulikuwa unaupunguza mwendo wako."

Sindano akautazama mguu wake.

"Kesho ungeenda mazoezini ukaukata ule mwendo. Wiki ijayo usingekuwa nao tena. Kosa ni langu, limebaki kwangu, nimelitia saini pale ndani. Wewe hukutembea. Mguu huo usiuguse."

Binti alijifuta uso kwa mkono wa fulana. Hakusema asante wala hakusema amesamehe. Alivaa begi, akainuka, akaanza kuondoka. Katikati ya uwanja, kwenye mbao zilizopauka, alisimama kidogo, kisha akaukimbia ule mwendo wote bila mpira, kulia, kushoto, kulia, hadi chini ya kikapu, kwa kasi yake ileile ya mchezo. Mfagiaji akasimamisha ufagio kumpisha.

Mama Hatua alibaki kwenye ngazi, akifungua kamba za viatu.